Bwana Msa, Willy Gamba, Joram Kiango: uanze na nani?

Mpwa wangu alipomaliza kidato cha nne alikaa nyumbani akisubiri matokeo, na katika kusubiri huko akammaliza mpelelezi Sherlock Holmes wote: riwaya 4 na hadithi fupi 56, kwa Kiingereza, kwenye simu ya mama yake yenye kioo kilichopasuka. Siku moja akanifuata barazani.

"Shikamoo mjomba. Hivi kwa Kiswahili kuna vitabu vya namna hii?"

Nikamwambia vipo, tena vingi. Nikaingia ndani nikamtolea Kufa na Kupona, kitabu cha jasusi Willy Gamba kilichonikeshesha nilipokuwa na umri wake. Baada ya siku mbili akakirudisha. Alikuwa amekimaliza. Akakiweka mezani kwa adabu, akasema, "Kizuri, mjomba, kinakimbia. Lakini mimi nilitaka cha kufikiri. Huyu Willy hanipi nafasi ya kubashiri."

Alikuwa na haki. Kitabu hakikuwa na kosa, wala msomaji hakuwa nalo. Kosa lilikuwa la aliyechagua. Tukisema "riwaya za upelelezi" tunatia kapu moja vitabu visivyofanana hata kidogo, kisha mtu akijaribu kimoja kisimkolee anaamua kwamba Kiswahili hakina kitu. Linaniuma hilo, kwa sababu nimelisikia kwa wasomaji wazuri kabisa. Tangu siku ile mtu akiniomba mwandishi mpya wa visa vya upelelezi simtajii jina kwanza. Namwuliza anapenda kuvutwa na swali gani.

Kuna anayevutwa na swali la "nani, na kwa nini?" Huyu anataka fumbo. Kuna anayevutwa na "atatokaje humo?" Huyu anataka mbio. Na kuna wa tatu ambaye anauliza, "Mji huu umemfanya nini mtu hadi akafika hapa?" Mifululizo mitatu mikubwa ya Kiswahili, ya Bwana Msa, Willy Gamba na Joram Kiango, imegawana maswali hayo karibu kama iliyopangiana, na hiyo ndiyo nataka kuiweka bega kwa bega.

Ukitaka fumbo: Bwana Msa

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918. Kabla ya vitabu alifanya kazi ya ukaguzi wa afya, akaingia kwenye magazeti, na baadaye akawa mhariri wa Mkulima, gazeti la wakulima. Mimi naiona kazi ile ya kwanza ndani ya riwaya zake. Ni jicho la mtu aliyezoea kuingia uani kwa watu, akasalimia vizuri, huku anatazama kilichofunikwa.

Riwaya yake ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958 lililoandaliwa na East African Literature Bureau, ikatoka kitabu mwaka 1960. Maiti inakutwa mzimuni, mahali ambapo watu huenda kuweka nadhiri na ambapo wengine hawathubutu hata kupita jioni. Polisi wapo, chini ya Inspekta Seif. Lakini anayelitazama jambo hadi ndani ni Bwana Msa, mtu asiye polisi, kiko mdomoni, asiyeinua sauti. Pembeni yake yuko Najum, rafiki anayebashiri haraka na kukosea mara nyingi, na anayekosea kwa niaba yetu sisi wasomaji, kwa sababu tunakuwa tumeshakubaliana naye.

Watu wengi wanasema Bwana Msa ametokana na Holmes, na ni kweli ukiangalia umbo la nje: kiko, rafiki, polisi anayesaidiwa. Lakini ukisoma kwa utulivu unasikia kitu kingine chini yake, nacho ni kitendawili. Mtegaji anasema "Kitendawili!" nawe unajibu "Tega!" Ukishindwa unaombwa mji, unatoa mji, ndipo unapewa jibu. Bwana Msa anacheza nawe mchezo huohuo. Vitu viko mbele yako: neno lililosemwa barazani, kitu kilichookotwa, nasaba iliyotajwa kwa pembeni kama vile haina uzito. Ukifika kurasa za mwisho bila jibu huna wa kumlaumu. Toa mji.

Na fumbo lenyewe ni la kwetu. Kwa Abdulla uhalifu hautoki kwa majambazi wa kuja. Unatoka ndani ya nyumba: urithi, ndoa iliyofichwa, mtoto ambaye baba yake si yule anayetajwa. Ukoo ndio eneo la uhalifu. Msomaji aliyekulia kwenye familia pana, anayejua kwamba kuna shangazi asiyetajwa mezani na shamba lisilozungumzwa, atasoma vitabu hivi kwa ngozi na si kwa macho tu.

Halafu kuna suala la woga. Mzimu, na baadaye Giningi, ule mji wa wachawi unaosimuliwa Unguja na Pemba, ambao uko kwenye jina la riwaya yake ya pili, Kisima cha Giningi ya mwaka 1968. Abdulla anachukua mambo ambayo watu wanayaogopa kwa dhati, anayaheshimu kama hofu za watu, kisha anauliza: ni nani anayefaidika watu wakiogopa? Kwangu hilo ndilo swali kali kuliko yote katika riwaya zetu za upelelezi, na limeulizwa na mtu aliyeanza kuandika kabla nchi zetu hazijapata uhuru.

Sasa ubaya wake. Bwana Msa hana haraka. Kuna mazungumzo marefu, kuna kukaa, kuna kahawa. Asiyependa watu wanaozungumza atachoka mapema. Lugha nayo ni Kiunguja kamili, na mtu wa Mwanza au Kakamega atakutana na maneno ambayo mtaani kwake hayasikiki. Mpwa wangu alikwama ukurasa wa kwanza tu. Bibi yake, mzaliwa wa Unguja, alikuwa hapo uani anapepeta mchele, basi kila neno lililomshinda kijana anamwuliza bibi. La kwanza, la pili, la tano. Mwishowe bibi akaweka ungo chini. "Hebu soma kwa sauti, mjukuu wangu. Tangu mwanzo."

Wakakisoma hivyo jioni tatu. Jioni ya pili bibi alishamtaja muuaji, kwa uhakika wote. Alikosea. Aliposikia jibu hakusema kitu, akamwambia kijana arudi nyuma amsomee tena pale alipodanganywa, akapaona. Nimeanza kuwashauri watu hivyo: Bwana Msa asomwe kwa sauti, na awepo mtu mzima karibu. Ugumu wa lugha unageuka utamu wenyewe.

Zipo riwaya saba za Bwana Msa. Ukishamaliza hizo mbili kuna Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976) na Kosa la Bwana Msa (1984). Kila moja inasimama peke yake, lakini nakusihi uanze na Mzimu. Ni nyepesi kubeba, na pale ndipo unapomjua Msa kabla hujazoea kumwamini. Kosa la Bwana Msa iache mwisho kabisa. Jina hilo lina uzito kwa mtu aliyekwisha kumzoea asikosee.

Ukitaka mbio: Willy Gamba

Elvis Musiba hakuwa na nafasi ya kahawa. Willy Gamba ni jasusi wa serikali. Chifu, mkuu wake wa kazi, anamwita, na baada ya hapo hatulii tena. Kufa na Kupona ilitoka mwaka 1974. Nyaraka za siri za Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) zimeibwa, na Gamba anafuata nyayo hadi Nairobi. Kikosi cha Kisasi, ya mwaka 1979, inampeleka Kinshasa. Baadaye zikaja Njama, Hofu, Kikomo, Hujuma na Uchu.

Hapa msomaji wa leo anahitaji kuambiwa jambo moja, maana bila hilo Gamba anaonekana kama nakala tu ya James Bond. Kamati ya Ukombozi ilikuwepo kweli, na makao yake yalikuwa Dar es Salaam tangu mwaka 1963. Kufa na Kupona ilipotoka Msumbiji ilikuwa haijapata uhuru. Iliupata Juni 1975. Angola ikafuata Novemba mwaka huohuo. Zimbabwe ilisubiri hadi 1980. Kwa hiyo kijana aliyekinunua kitabu kile mwaka wa kwanza alikuwa anasoma juu ya vita vilivyokuwa vinaendelea ng'ambo ya Mto Ruvuma, na wapigania uhuru wenyewe alikuwa akipishana nao mjini. Nyaraka zikiibwa ni watu wa kweli watakufa. Ndiyo maana wazee wetu wanamzungumzia Gamba kama mtu waliyesoma naye.

Bond anatumikia dola iliyokuwa inapoteza makoloni. Gamba anapigana ili makoloni yaishe. Mbinu zinafanana, bastola zinafanana, hoteli na magari vinafanana, lakini mwelekeo umegeuka kinyume. Nilichelewa sana kuliona hilo, na lilinifanya nivisome vitabu vile upya.

Ila ukweli lazima usemwe. Fumbo kwa Musiba ni dogo. Mara nyingi unamjua adui mapema, na kilichobaki ni nani atamfikia mwenzake kwanza. Wanawake wengi humo ni mtego au zawadi. Wachache wanapewa akili yao wenyewe na nafasi ya kuitumia. Nilipokuwa kijana sikuliona hilo. Sasa nikimpa binti kitabu cha Gamba namwambia kabla hajaanza. Damu nayo ni nyingi. Kwa mtoto wa darasa la sita si kitabu chake.

Kinapofaa, kinafaa kweli. Mtu aliyeacha kusoma tangu shule, anayesema kitabu kinamletea usingizi, mpe Kufa na Kupona Ijumaa jioni. Nimewapa wanne, na watatu kati yao walikuja kuomba Kikosi cha Kisasi. Mwandishi anayemrudisha mtu kwenye kusoma hapimwi kwa mizani moja na wengine.

Fuata mpangilio wa kutoka kwake, angalau hizo mbili za kwanza, kwa sababu ya historia niliyoitaja.

Ukitaka mji: Joram Kiango

Ben Mtobwa, aliyezaliwa mwaka 1958 na kufariki 2008, aliandika kwa kasi ya mtu aliyejua muda wake ni mfupi, akaanzisha na kampuni yake ya uchapishaji, Heko. Mhusika wake mkuu, Joram Kiango, ni mpelelezi wa kujitegemea. Hana Chifu wa kumtuma. Polisi wanawakilishwa na Inspekta Kombora, ambaye anamhitaji Joram na anachoka naye kwa wakati mmoja. Na kuna Nuru, mwenzake kazini na moyoni.

Joram amekaa katikati ya wawili waliotangulia. Ana mbio za Gamba, naye pia anakutana na makaburu wa Afrika Kusini na vibaraka wao. Ana maswali ya Msa. Lakini kinachomtofautisha ni kwamba anaweza kuumia. Anachoka, anakata tamaa, anapoteza watu na hasahau kwamba amewapoteza. Msa huna wasiwasi naye. Gamba unajua atapona. Kwa Joram nilikuwa nashika kitabu kwa nguvu kidogo zaidi.

Mtobwa pia ndiye aliyeujua usiku wa Dar es Salaam: mwenye fedha anayeogopa, msichana aliyekuja mjini kutafuta maisha, mtu anayemtazama mwenzake kupitia kioo cha gari. Kitabu chake mashuhuri kuhusu hilo, Dar es Salaam Usiku, si cha Joram, lakini ukikipenda utampenda na Joram, na ukikiona kizito basi mfululizo wake wote utakusumbua. Nakitumia kama kipimo.

Kiswahili chake ni cha wote. Mtu wa Bujumbura, Goma au Mombasa anaingia bila kamusi, na bado kuna sentensi zinazokufanya usimame uzisome mara mbili. Kwa mgeni wa lugha aliyekuja kujifunza, au kwa mtoto wa Mswahili aliyezaliwa ughaibuni na kusikia Kiswahili cha jikoni tu, huyu ndiye mwandishi wa kuanzia kati ya hawa watatu. Abdulla atamvunja moyo mapema.

Kasoro yake? Mambo mengine yanatokea kwa sababu hadithi inayahitaji tu. Mtu anatokea pale anapotakiwa, kwa saa inayotakiwa. Anayependa kila fundo lifunguliwe kwa mkono atakereka.

Yasome majina kabla ya kurasa

Kuna njia ya kuchagua ambayo sijaona mtu akiisema, nami nimeijaribu kwa watu wengi na haijaniangusha. Yaweke majina ya vitabu vya watu hawa watatu kwenye karatasi moja, uyasome kwa sauti.

Abdulla: Duniani Kuna Watu. Mwana wa Yungi Hulewa. Siri ya Sifuri. Ni majina yanayosemwa na mtu aliyekaa, anayejua kitu na hataki kukuambia bado. Yananusa methali.

Musiba: Njama. Hofu. Hujuma. Uchu. Neno moja, kavu, kama mlango uliofungwa kwa nguvu.

Mtobwa: Lazima Ufe Joram. Najisikia Kuua Tena. Salamu Toka Kuzimu. Tutarudi na Roho Zetu? Haya ni maneno ya mtu anayeongea sasa hivi, usiku, labda kwenye simu. Katika Najisikia Kuua Tena jina lenyewe linasema kwa sauti ya muuaji, kabla hujafungua jalada.

Jina lililokusisimua ndilo linakuambia mwandishi wako. Mwandishi wa aina hii anachagua jina kwa sikio lilelile analoandikia sentensi zake, na msomaji analisikia kabla hajajua anachosikia. Mpwa wangu nilimfanyia hivyo baada ya lile kosa langu la kwanza. Alinyooshea kidole Siri ya Sifuri bila kufikiri.

Kama bado huna uhakika

Kuna mlango mdogo: Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965. Ni kitabu chembamba na mpelelezi wake, Inspekta Wingo, ni polisi wa kweli, mwajiriwa. Hapa ndipo uhalifu wa mjini ulipoingia kwa kishindo katika riwaya ya Kiswahili ya bara, na unaweza kuona humo mbegu za Musiba na Mtobwa, wote wawili. Kina fumbo kiasi na mbio kiasi. Kisome kwa siku moja, kisha ujiulize ulikuwa unafungua ukurasa unaofuata kwa sababu gani. Kama ulitaka kumjua mwenye simu, nenda Unguja kwa Bwana Msa. Kama ulitaka kuona atakamatwaje, nenda kwa Gamba. Kama ulibaki unawafikiria waliokufa, na mji uliowaua, Joram anakungoja.

Kwa anayetoka kwenye vitabu vya kigeni ni rahisi zaidi. Waliolelewa na Holmes, Poirot au Miss Marple waende kwa Abdulla moja kwa moja, na watashangaa jinsi nyumba ya Kiunguja yenye urithi wa kugawana inavyoshika siri kuliko jumba lolote la Uingereza. Waliolelewa na filamu za majasusi wako nyumbani kwa Musiba. Wanaopenda riwaya za Marekani za mpelelezi wa kukodishwa, mpweke, mwenye ofisi ndogo na jiji linalomla, hao ni wa Mtobwa.

Na anayetaka kitu cha karne hii? Hussein Tuwa. Mkimbizi na Utata wa 9/12 ndizo ninazozitoa kwanza. Tuwa hakujifunga kwa mpelelezi mmoja kama wale watatu, kwa hiyo usitegemee rafiki wa kurudi kwake kitabu baada ya kitabu. Unachorudia ni namna yake ya kukamata: mtu wa kawaida anatupwa katikati ya hatari kubwa, na hatari yenyewe inaeleweka kwa kijana wa leo. Nikimlinganisha na wazee, taharuki yake imepangwa vizuri kuliko ya Musiba. Ninachokikosa kwake ni ile harufu ya mahali anayoijua Abdulla, ambapo ungeweza kunishusha ndani ya ukurasa nikiwa nimefumba macho na nikajua niko Unguja.

Hadithi nyingine za siku hizi zinatoka sehemu kwa sehemu kwenye Facebook na makundi ya WhatsApp, kama zilivyokuwa zikitoka magazetini na neno "itaendelea" chini. Zimo nzuri. Ushauri wangu ni mmoja tu hapo: usianze mpaka uhakikishe sehemu ya mwisho imeshatoka. Fumbo lisilo na jibu si fumbo.

Kukinunua

Vingi kati ya vitabu vya zamani nilivyovitaja nimevipata kwa wauza vitabu vya mitumba, vilivyopangwa chini kwenye turubai, bei kulingana na hali ya jalada. Ulizia na maduka ya vitabu, kwa sababu baadhi vimechapishwa upya, na toleo jipya lina herufi zinazosomeka. Mwambie muuzaji jina la mhusika, usimtajie mwandishi tu. Nimeuliza "Muhammed Said Abdulla" nikaambiwa hakuna. Nikauliza "Bwana Msa" kwa mtu yuleyule, akainama akatoa viwili.

Kabla hujalipa, fanya hivi. Kigeuze kile kitabu, ukifungue kutoka nyuma, ufiche maandishi kwa kiganja ili usione jina la muuaji, na uhesabu namba za kurasa nane za mwisho moja baada ya nyingine. Vitabu vya namna hii hupita mikono mingi, na karatasi za mwisho ndizo za kwanza kung'oka.

Nasema hivi kwa sababu mwaka mmoja nilinunua Siri ya Sifuri kwenye turubai la namna hiyo, nikaisoma usiku kucha, na nilipofika pale Bwana Msa anapoanza kueleza nikakuta uzi wa kushonea na nyuma yake jalada. Karatasi hazikuwepo. Nilikaa bila jibu miezi minne. Nikaandika ubashiri wangu ndani ya jalada kwa kalamu ya risasi, jina moja na sababu tatu, nikaendelea kuulizia kila nilipokwenda. Nakala nyingine niliipata siku moja jua kali, kwa muuzaji mwingine kabisa. Sikusubiri kufika nyumbani. Nilisimama palepale pembeni ya barabara, mfuko wa viazi miguuni, nikatafuta ukurasa nilioukosa.